Kutoka bunge la jimbo hadi kiti cha gavana: sauti ya mwananchi wa Mangina iko wapi?



Katika vikao vya mazungumzo tunavyofanya upande wa Beni na Butembo, jina la gavana halikosi kutajwa. Mmoja anamlaumu kwa barabara ya Mangina kwenda Beni ambayo mvua imeiharibu, mwingine kwa mishahara ya walimu, wa tatu kwa mauaji ya watu mashambani. Mbunge wa jimbo, yule tunayemwita depite, analaumiwa kwa hayohayo, na mara nyingi kwa maneno makali zaidi kwa sababu yeye alikuja kuomba kura. Tumeona vema tueleze namna mtu anavyotoka kwenye ubunge wa jimbo na kufika kwenye kiti cha gavana, na mambo gani gavana anaweza kuyafanya na yapi hayawezi. Hasira inayompiga mtu asiye na uwezo wa kujibu haileti amani.

Tuanze na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Wananchi huchagua wabunge wa jimbo moja kwa moja, na wachache huongezwa kutoka kwa machifu wa kimila. Wabunge hao ndio wanaomchagua gavana na naibu wake kwa miaka 5, na muhula huo unaweza kurudiwa mara moja tu. Mgombea anaweza kutoka ndani ya bunge lenyewe au nje yake. Akishinda, Rais wa Jamhuri hutoa amri ya kumthibitisha, naye huunda serikali ya jimbo yenye mawaziri wasiozidi 10. Kama alikuwa mbunge, hawezi kushika kazi zote mbili: kiti chake kinashikwa na naibu aliyeandikwa pamoja naye siku ya kugombea.

Kwa hiyo mtu wa Mangina hampigii gavana kura. Wenzetu wa Kenya wana utaratibu mwingine. Tangu mwaka 2013 mwananchi wa kaunti anaweka mwenyewe kura ya gavana kwenye sanduku, na mtu kama Joyce Laboso, aliyekuwa mbunge wa Sotik na Naibu Spika, alilazimika mwaka 2017 kuzunguka Bomet nzima ili awe gavana. Kwetu mgombea anahitaji kuwashawishi watu wachache tu. Bunge la Kivu Kaskazini halifikishi wabunge 50.

Uchache huo una hatari yake. Tarehe 27 Januari 2007 majimbo mengi yalichagua magavana wa kwanza chini ya Katiba hii. Bas-Congo, muungano uliokuwa na wabunge wengi ulishindwa, na watu wakasema kura zimenunuliwa. Wafuasi wa Bundu dia Kongo wakaandamana, askari na polisi wakapiga risasi, na zaidi ya watu 100 wakafa ndani ya siku chache. Machi 2019 malalamiko ya rushwa yalirudi wakati wa uchaguzi wa maseneta, ambao nao huchaguliwa na wabunge wa jimbo, hata Rais Félix Tshisekedi akaahirisha uchaguzi wa magavana. Mbunge wa jimbo akiuza kura yake, anauza kura za maelfu ya watu waliompeleka pale, na wao hawaambiwi bei.

Siku hiyohiyo ya Januari 2007, Moïse Katumbi, aliyekuwa amechaguliwa mbunge wa taifa mwaka 2006, akawa gavana wa Katanga. Goma alichaguliwa Julien Paluku Kahongya, mzaliwa wa Lubero, wakati huo akiwa katika chama cha RCD-K/ML cha Mbusa Nyamwisi. Alichukua nafasi ya Eugène Serufuli, ambaye alikuwa amepata ugavana kwa kuteuliwa enzi za vita, si kwa kura. Kwa watu wa Beni, Butembo na Lubero lilikuwa jambo kubwa kuona mtu wa kaskazini ya jimbo anapata kiti kwa njia ya bunge.

Muhula ulikuwa wa miaka 5. Paluku alikaa karibu 12. Uchaguzi mpya wa wabunge wa jimbo haukufanyika hadi mwisho wa mwaka 2018, kwa hiyo wabunge wa mwaka 2006 waliendelea kukaa, na gavana waliyemchagua akaendelea nao. Mwaka 2015 majimbo mengine yalipogawanywa na kupewa makomisheni maalumu, Kivu Kaskazini halikuguswa. Tunadhani hapa ndipo imani ilipoanza kuvunjika. Kijana aliyezaliwa Mangina mwaka 1990 alifikisha miaka 28 bila kupewa hata nafasi moja ya kumwadhibu au kumtuza mbunge wake wa jimbo kwa kura.

Sasa tuje kwenye uwezo wa gavana. Jimbo lina bajeti yake, watumishi wake, na sehemu katika kazi za shule na afya kwa kufuata kanuni za taifa. Katiba inasema jimbo libaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa ndani yake. Kwa vitendo fedha zimekuwa zikipanda Kinshasa kwanza, na zinazorudi zimekuwa pungufu na zenye kuchelewa. Gavana mwenye nia njema anaweza kukosa fedha ya greda. Gavana asiye na nia njema naye anaweza kujificha nyuma ya sababu hiyohiyo, na ndiyo maana ni kazi ya bunge la jimbo kumhoji na, likiona haja, kumwondoa.

Jeshi haliko mikononi mwa gavana wa kiraia. Hilo ni la serikali kuu. Mauaji yaliyoanza wilaya ya Beni Oktoba 2014, ambayo mengi yanatajwa kuwa ya ADF, yalimkuta gavana ambaye angeweza kupiga simu, kusafiri, kuzika pamoja na watu na kupeleka ripoti, lakini hakuweza kuamuru kikosi hata kimoja cha jeshi. Tarehe 25 Novemba 2019 waandamanaji wa mji wa Beni walichoma ofisi ya meya. Tunaelewa uchungu wao. Lakini meya alikuwa na uwezo mdogo kuliko hata gavana juu ya askari, na karatasi za vizazi na viwanja zilizokuwa ndani ya jengo kama lile ni za wananchi wenyewe.

Mangina ilipitia jaribu la pekee. Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza Ebola, na Mangina ndiyo iliyotajwa kuwa kitovu. Mlipuko huo ulimalizika Juni 2020, watu 3,470 wakiwa wameugua na 2,287 kati yao wamekufa. Katikati ya msiba huo, tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi CENI ilisema Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi kwa sababu ya ugonjwa na usalama. Zaidi ya wapiga kura milioni 1 wakaachwa nje ya uchaguzi wa rais. Mjini Beni watu walijipanga wenyewe tarehe 30 Desemba, wakanawa mikono na kupiga kura ya mfano. Kura halali ya wabunge wa taifa na wa jimbo ilikuja tarehe 31 Machi 2019, rais akiwa ameshaapishwa tangu Januari. Mwaka huohuo bunge la jimbo likamchagua Carly Nzanzu Kasivita kuwa gavana, na Paluku akaenda Kinshasa kuwa waziri wa viwanda.

Gavana huyo mpya hakufika hata miaka 2 kamili. Mei 2021 Rais alitangaza hali ya dharura Kivu Kaskazini na Ituri, ile watu wanayoiita eta de sieje. Luteni Jenerali Constant Ndima akashika ugavana, bunge la jimbo likasimamishwa, na kesi za jinai za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi. Wananchi walipiga kura tena Desemba 2023, lakini Aprili 2024 majimbo mengine yalipochagua magavana, yetu mawili hayakuchagua. Kwa maneno mengine, ngazi ya kutoka ubunge hadi ugavana ipo katika Katiba, ila hapa kwetu imewekwa pembeni. Januari 2025 Gavana Peter Cirimwami aliuawa karibu na mstari wa mapigano, Goma ikachukuliwa na M23, na Meja Jenerali Evariste Somo Kakule aliyeteuliwa baada yake akaweka ofisi yake Beni. Wazee watakumbuka kwamba hata mwaka 2012, Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mara ya kwanza, serikali ya Paluku ilihamia Beni.

Mtu wa Mangina amwendee nani basi? Gavana wa kijeshi ana kile ambacho gavana wa kiraia hakuwa nacho, yaani sauti juu ya askari, kwa hiyo malalamiko kuhusu vizuizi vya barabarani, kodi zisizo na risiti au doria zisizofika mashambani yana pa kupelekwa, yakiandikwa vizuri pamoja na tarehe na mahali. Mbunge wa jimbo hawezi kumhoji jenerali. Anayebaki ni mbunge wa taifa. Kwa Katiba, hali ya dharura huongezwa kwa siku 15 kwa idhini ya bunge la Kinshasa, na hadi mwaka 2025 iliendelea kuongezwa hivyo. Wabunge wa taifa waliochaguliwa wilayani Beni Desemba 2023 wana kura katika jambo hilo. Katika vikao vyetu tumeanza kuwaomba washiriki waandike swali moja tu kwao: mlipoombwa idhini, mlisema nini, na kwa sababu gani?