Je, Wajua? Dawa za Shambani na Saratani ya Tezi

Paji la uso hunywa dawa mara nne kuliko mkono

Ngozi ya mtu mmoja hainywi dawa kwa kipimo kimoja. Katika utafiti wa California uliochapishwa mwaka 1971, watu waliojitolea walipakwa parathioni kidogo, dawa kali ya kuua wadudu, sehemu mbalimbali za mwili. Mkono chini ya kiwiko ulipitisha takriban asilimia 9, kiganja 12, paji la uso 36, kwapa 64. Ngozi ya korodani? Karibu yote! Sasa mtazame mpulizaji mwenye bomba lisilokaza kifuniko: dawa inamchuruzika mgongoni hadi kiunoni mwa suruali, naye anajifuta jasho usoni kwa glavu ileile aliyochanganyia. Pua ameifunga kitambaa, na kafanya vyema, lakini kwa dawa nyingi za shambani mlango mkubwa ni ngozi.

Una tezi kama 600

Zimetapakaa shingoni, kwapani, kinenani hadi tumboni, na ndizo zinazovimba tukaota mitoki mguu ukiwa na kidonda. Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokaa humo, yaani walinzi wenyewe ndio wanaougua. Daktari Thomas Hodgkin wa London alieleza aina moja mwaka 1832. Nyingine zote, na ni nyingi mno, huitwa limfoma zisizo za Hodgkin, na hizo ndizo zinazotajwa zaidi kila viuatilifu vinapochunguzwa.

Faraday wa umeme aliitengeneza bila kujua

Michael Faraday, yule tunayemsoma kwenye somo la fizikia, ndiye aliyetengeneza kwanza, mwaka 1825, kemikali ambayo ndani yake mna lindeni. Ilipita zaidi ya karne moja kabla watu hawajagundua kwamba inaua wadudu. Hapo ikasambaa kwa kasi: kwenye mbegu, kwenye mifugo, hata kwenye vichwa vya watoto wenye chawa! Mwaka 2009 Mkataba wa Stockholm uliiweka kati ya kemikali za kuondolewa duniani. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, likatamka waziwazi kwamba inasababisha limfoma isiyo ya Hodgkin. Tafiti za wakulima wa Marekani na Kanada zilikuwa zimeonyesha hatari hiyo ikipanda kwa asilimia 60 kwa waliokutana nayo.

Glifosati na nyama ya ng'ombe, kundi moja

Mwaka huohuo wa 2015 shirika hilo liliiweka glifosati, dawa maarufu ya kuua magugu, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Miezi michache baadaye nyama nyekundu ikaingia kundi hilohilo, ambamo kazi ya zamu za usiku ilikuwa imeshatangulia. Makundi hayo hupima uzito wa ushahidi. Ukubwa wa hatari ni hesabu nyingine kabisa, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Wakulima wasioenea Uwanja wa Mkapa

Tangu mwaka 1993 watafiti wamekuwa wakifuatilia afya ya watu zaidi ya 89,000 katika majimbo ya Iowa na North Carolina, Marekani: wapulizaji wa dawa pamoja na wake au waume zao. Ukiwaingiza wote Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, karibu 30,000 watabaki nje. Mwaka 2018, baada ya kuwachambua wapulizaji 54,251, watafiti hawakuona glifosati ikiongeza limfoma kwa jumla. Mwaka uliofuata wenzao walijumlisha tafiti kadhaa, wakawaangalia waliotumia dawa hiyo kwa wingi zaidi, na wakapata ongezeko la asilimia 41. Namba hiyo inatisha mpaka uipigie hesabu: Wamarekani kama 20 kati ya 1,000 hupata limfoma isiyo ya Hodgkin maishani, na ongezeko hilo lingewafikisha 28. Watu wanane. Kwangu mimi hao si wachache.

Limfoma iliyoondoka Uganda kwa ndege

Si kila limfoma inatoka kwenye bomba la dawa. Ile inayovimbisha mataya ya watoto ilielezwa na daktari Denis Burkitt, akiwa Uganda, mwaka 1958. Uvimbe uliosafirishwa kutoka huko hadi London ukawawezesha watafiti kukiona, mwaka 1964, kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Malaria nayo ina mkono wake humo.

Ufaransa, limfoma ni ugonjwa wa kazini

Tangu mwaka 2015, mkulima au kibarua wa shambani huko aliyefanya kazi na viuatilifu kwa miaka 10, kisha akapata limfoma isiyo ya Hodgkin, anaweza kulipwa fidia bila kutakiwa kuthibitisha ni chupa ipi iliyomdhuru.