Televizyo inapokataa WiFi, usikimbilie fundi

Wamama wenzetu, shida hii imeletwa mara nyingi katika mikutano yetu, kiasi kwamba tumeona vema kuiandikia. Mama mmoja wa Katuba televizyo yake iliacha kuonyesha YouTube. Fundi akaja, akaitazama dakika tano, akasema kadi ya WiFi imekufa, inunuliwe nyingine. Pesa ambazo mama alikuwa nazo ni za zamu yake ya likelemba, na alikuwa amezipangia minervali ya watoto wawili. Kabla hajazitoa, kijana wa jirani alishika telekomande, akaingia ndani ya mipangilio, akarekebisha tarehe. Televizyo ikafunguka. Kadi haikuwa na ugonjwa wowote.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua shida iko wapi: kwenye televizyo, kwenye modemu, au kwenye forfe iliyoisha. Telefone yako inaweza kukuambia. Iunganishe na WiFi ileile ya nyumbani, lakini kwanza zima mega za telefone yenyewe. Wengi wanasahau hapo. Wanaona video inacheza, wanasema WiFi ni nzima, kumbe telefone inakula mega za kadi ya simu. Ukishazizima, jaribu kufungua video yoyote. Ikikataa, achana na televizyo, shida iko kwenye modemu au forfe. Ikicheza vizuri, basi tazama upande wa televizyo.

Kitu cha kufanya kabla ya vyote ni kuchomoa. Ukibonyeza kitufe chekundu cha telekomande, televizyo inasinzia tu, haizimiki kabisa. Itoe kwenye prize, ngoja dakika moja nzima. Chomoa modemu pia. Kisha washa modemu peke yake, iache dakika mbili au tatu mpaka taa zake zitulie, ndipo uwashe televizyo. Kwetu huku, umeme ukirudi baada ya delestaji, vyote viwili vinawaka kwa wakati mmoja, na televizyo inatafuta WiFi wakati modemu bado haijawa tayari. Inakosa, inakata tamaa. Na kama tuko hapo kwenye delestaji: umeme unapoondoka, toa televizyo kwenye prize. Umeme unaorudi kwa nguvu nyingi ndio unaoua kadi kweli, na hapo fundi atakuwa na haki ya kuomba pesa.

Sasa tarehe. Baada ya kukosa umeme kwa muda mrefu, televizyo nyingine zinasahau siku, zinarudi kwenye mwaka wa zamani. Utaona zimeandika kwamba zimeunganishwa na WiFi, lakini YouTube haifunguki, au inasema hakuna intaneti. Sababu ni hii: kila huduma ya intaneti inaonyesha hati ya kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe, na hati hiyo ina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Televizyo inayoamini kwamba tuko mwaka 2015 inaona hati ambayo bado haijaanza kufanya kazi, inadhani ni ya uongo, inafunga mlango. Ingia palipoandikwa « Paramètres », tafuta « Date et heure », uandike wewe mwenyewe siku, mwezi na mwaka. Sisi wa Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa, lakini tofauti hiyo ndogo haisumbui. Mwaka ndio unaosumbua.

Kama televizyo inaona jina la WiFi yako lakini inakataa kuingia, mara nyingi ni neno la siri. Kuliandika kwa telekomande ni kazi ya kuchosha: herufi kubwa inageuka ndogo, herufi O inachukuliwa kuwa sifuri. Tena kuna nyumba ambamo kijana alibadilisha neno la siri kwa sababu majirani walikuwa wanakula mega, asimwambie mtu. Ingia « Réseau », chagua jina la WiFi yako, bonyeza « Oublier », kisha liandike upya polepole, huku mtu mwingine akikusomea.

Kama televizyo haioni jina hilo kabisa, wakati telefone inaliona, fikiria mawimbi. Modemu nyingi za siku hizi zinatoa WiFi ya aina mbili, 2.4 na 5. Ile ya 5 ina mbio, lakini haipiti vizuri kwenye kuta, na televizyo nyingi za bei nafuu haziioni hata kidogo. Chagua ya 2.4. Hata anayetumia telefone kugawa intaneti anaweza kukutana na jambo hili: kwenye mipangilio ya kugawa WiFi, telefone nyingi za Android zina mahali pa kuchagua 2.4. Na usiiweke modemu chini ya kabati nyuma ya masufuria. Chuma kinazuia WiFi.

Tuseme pia habari ya forfe, maana hapa nyumba nyingi zinalia. Video ya kawaida inaweza kula karibu giga 1 kwa saa, na ile yenye picha safi sana inafika giga 3. Watoto wakitazama katuni saa mbili, mama hatakuwa na mega za kuzungumza na wateja wake kwenye WhatsApp. Ndani ya YouTube unaweza kushusha ubora wa picha, hasa kama unagawa kutoka kwenye telefone yako.

Kwa anayetaka kununua televizyo ya okazioni iliyotoka Ulaya au Dubai, uliza ni ya mwaka gani. Mwaka 2015 YouTube iliacha kufanya kazi kwenye televizyo nyingi za mwaka 2012 na za kabla yake. Desemba 2019 Netflix ilifanya vivyo hivyo kwa baadhi ya televizyo za zamani za Samsung. Hapo WiFi inaingia vizuri kabisa, ila programu yenyewe imeshakufa, na hakuna kadi itakayoifufua. Kinachosaidia ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI, ambacho kinafanya kazi ya intaneti badala ya televizyo.

Ukishajaribu haya yote bila kufaulu, mwite fundi, mafundi wazuri wapo. Mwombe, mbele yako, aunganishe televizyo na modemu kwa waya, kama ina tundu lake. Intaneti ikipita kwa waya na ikakataa bila waya, hapo kweli kadi ya WiFi inaweza kuwa mbovu. Akitaka kuirudisha televizyo kama ilivyotoka kiwandani, jua kwamba akaunti zote zitafutika, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba maneno yako ya siri unayo. Akikuomba umpe hayo maneno, usimpe. Shika telekomande, uyaandike wewe mwenyewe.