Roboti ya miguu miwili na abiria asiyetulia

Mama yeyote aliyewahi kubeba mtoto mgongoni anaijua shughuli hii. Unateremka kilima, kikapu mkononi, mara mtoto aona ng'ombe na kujirusha nyuma. Kabla hujafikiri, nyonga zimeshasogea, goti limepinda na safari inaendelea. Hukufundishwa na yeyote.

Jambo hilo hilo limewatoa jasho wahandisi wa Japani. Chuo Kikuu cha Waseda, jijini Tokyo, kilitengeneza WABOT-1, roboti yenye umbo la binadamu iliyoweza kutembea, mwaka wa 1973. Ilibidi kungoja hadi 2003 ndipo watafiti wa chuo hicho, wakiongozwa na Profesa Atsuo Takanishi, walipoonyesha WL-16: kiti juu ya miguu miwili, kikitembea na mtu wa kilo 60.

Kwani ugumu uko wapi? Msomaji, simama kwa mguu mmoja. Uzito wako wote, pamoja na msukumo wa mwili, ni kana kwamba unakanyaga nukta moja tu chini ya wayo. Nukta hiyo ikiwa ndani ya wayo, salama. Ikifika ukingoni, wayo huanza kuinuka kama sahani iliyobonyezwa pembeni, nawe huyo chini! Roboti isiyobeba mtu hupangiwa hatua zake na kompyuta. Abiria hapangiki. Akipiga chafya au akigeuka kumsalimia jirani, nukta huhama.

Dawa ya Waseda ilikuwa kuweka chombo cha kupima nguvu chini ya kiti. Abiria akiegemea upande, chombo huhisi, na kompyuta husogeza kiuno cha roboti kufidia. Kila mguu una vyuma sita vinavyorefuka na kufupika, kwa hivyo mzigo hugawanywa badala ya kulemea goti moja.

Kampuni ya Toyota nayo ilileta i-foot, iliyoonyeshwa kwenye maonyesho ya Aichi mwaka wa 2005. Yenyewe ilikuwa na kilo 200, hupiga magoti ili abiria apande, na huweza kupanda ngazi. Mwendo wake? Kilomita 1.35 kwa saa. Ajuza mwenye bakora angeipita.

Ngazi ndizo zilizonivutia. Shangazi yangu hutumia kiti cha magurudumu. Majuzi alifuata cheti katika ofisi fulani, orofa ya tatu, akakuta lifti mbovu. Vijana wanne walimbeba. "Kama gunia la viazi," aliniambia, na hakuwa akicheka.

Nilimsimulia habari za roboti hizi nikidhani atafurahi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na stima ikiisha katikati ya ngazi?"

Sikuwa na jibu. Kiti cha magurudumu kikiishiwa betri kwenye sakafu husimama pale pale. Roboti ya miguu miwili ikizimika mguu mmoja ungali hewani, huanguka, na abiria wake pamoja nayo.