Amana ya wahandisi wa mafuta ya ndege: Je, ni kweli ajali haina kinga?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila mwaka tunakusanyika katika viwanja vya ndege kuwaaga wazee wetu wanaokwenda Hija. Tunawasomea dua, tunafuta machozi, na ndege inapoacha ardhi tunasema kuwa tumewakabidhi kwa Mola wao. Hayo ni maneno ya haki. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba wamo pia wanadamu waliobebeshwa amana katika safari hiyo, watu ambao wazee wetu hawatawaona hata siku moja.

Leo tumependa kulizungumzia kundi moja la watu hao, nao ni wahandisi wanaotumia umri wao kuongoza kazi ya kubuni na kukagua mifumo ya mafuta ya ndege. Tumewachagua kwa sababu kazi yao inatoa jibu kwa neno lililozoeleka vinywani mwetu kila msiba unapotokea, kwamba "ajali haina kinga".

Kazi iliyofichika ndani ya bawa

Wengi wetu hudhani kuwa mafuta ya ndege hukaa katika pipa kubwa mahali fulani chini ya abiria. Ukweli ni kwamba bawa lenyewe ndilo tangi, na katika ndege nyingi kubwa kuna tangi jingine katikati, pale mabawa mawili yanapokutana. Ndege aina ya Boeing 747-400 hubeba zaidi ya lita laki mbili. Ndani ya matangi hayo mna pampu, vali, mabomba, nyaya na vipimo vya kuwajulisha marubani kiasi kilichobaki.

Mafuta yenyewe ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa tunayoyajua majumbani. Yakipata baridi kali, huanza kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri, na huko juu baridi ya nje huweza kufikia hapo na kupita. Yakipata joto, hutoa mvuke unaoweza kuwaka. Maji kidogo yakijificha ndani yake hugeuka barafu na kuziba njia. Mhandisi wa fani hii hana budi kuyafikiria yote hayo kwa pamoja, na akiifanya kazi yake sawasawa hakuna kitakachotokea wala atakayemshukuru. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu anapenda mmoja wetu afanyapo kazi aifanye kwa ukamilifu. Ukamilifu huo hupimwa hasa mahali ambapo jicho la mwanadamu halifiki.

Msiba wa mwaka 1996

Tarehe 17 Julai 1996, ndege ya shirika la TWA, safari namba 800, iliondoka New York kuelekea Paris. Dakika 12 hivi baada ya kuruka ililipuka juu ya bahari. Watu wote 230 waliokuwamo walifariki. Jioni ile ilikuwa ya joto, ndege ilikuwa imechelewa kuondoka, na mitambo ya viyoyozi iliyokuwa chini ya tangi la katikati ilikuwa imelipasha moto tangi hilo, ambalo lilikuwa karibu tupu. Tangi tupu ndilo la hatari zaidi, kwa maana mafuta machache yakipata joto huijaza nafasi yote kwa mvuke.

Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani waliyaopoa mabaki kutoka baharini na kuyaunganisha kipande kwa kipande. Kazi hiyo ilichukua miaka 4. Mwezi Agosti 2000 walitamka kwamba mvuke ndani ya tangi la katikati ndio uliolipuka. Kuhusu cheche iliyouwasha, walisema chanzo chake hakikuthibitika, ila lenye uzito zaidi ni hitilafu ya umeme nje ya tangi iliyoingia kupitia nyaya za vipimo vya mafuta. Sisi tuliosoma fiqhi tunaithamini kauli hiyo. Walitenganisha yakini na dhana, wala hawakuzifariji familia zilizofiwa kwa jambo wasilolijua.

Kwa miaka mingi kanuni ya fani ilikuwa kuzuia cheche. Baada ya msiba ule wahandisi walilazimika kukubali kuwa cheche haziwezi kuzuiwa zote, na kwa hiyo ni wajibu pia kuuondolea mvuke nguvu ya kuwaka. Njia ilijulikana, nayo ni kuingiza nitrojeni ndani ya tangi ili oksijeni ipungue. Ndege za kijeshi zilikuwa zikifanya hivyo. Lakini mwaka 1998, na tena mwaka 2001, kamati zilizoundwa kushauri juu ya jambo hilo zilisema kuwa gharama yake ni kubwa kuliko faida.

Hapa ndipo subira ya watu wazima wa fani ilipoonekana. Wahandisi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA), akiwamo Ivor Thomas, mtaalamu mkuu wa mifumo ya mafuta wa mamlaka hiyo, waliliuliza swali upya. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Jeshi lilitaka ishuke hadi asilimia 9. Je, ndege ya abiria, ambayo haipigwi risasi, inahitaji kiasi hicho? Majaribio yakaonyesha kuwa asilimia 12 hivi yatosha. Kwa kiwango hicho mtambo mwepesi uliweza kutumika, wenye nyuzi nyembamba zilizo wazi ndani, unaochuja hewa itokayo kwenye injini na kutenga nitrojeni. Mwezi Julai 2008, miaka 12 baada ya msiba, kanuni ikatolewa kuzihusu ndege mpya za abiria na nyingi zilizokuwa tayari zikiruka.

Lau watu hao wangesema ajali haina kinga, wakakunja majalada yao, nani angewalaumu?

Kiongozi ni mchunga

Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mkuu wa kikosi cha wahandisi huweka sahihi yake chini ya hesabu zilizofanywa na vijana wengi. Hawezi kuzirudia zote. Anachoweza ni kujenga hali ambayo kijana wa mwisho katika kikosi atathubutu kusema, "Mzee, hapa sijaridhika."

Wanasira wanasimulia kwamba siku ya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Hubab bin Al-Mundhir (R.A.) alimuuliza Mtume iwapo mahali walipopiga kambi pameteuliwa kwa wahyi au ni rai ya kivita. Alipojibiwa kuwa ni rai, alishauri wasogee karibu na visima. Mtume akaukubali ushauri wake na jeshi likahama. Ikiwa mbora wa viumbe aliihamisha kambi kwa neno la sahaba wake, ni mkuu gani wa karakana, wa shule au wa nyumba atakayeona unyonge kurekebishwa na aliye chini yake?

Kipimo kisicho sahihi

Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wapunguzao vipimo. Ndani yake mna onyo kwa mwenye hila, na sisi tunaona mna funzo pia kwa mzembe.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege aina ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada iliishiwa mafuta angani. Vipimo vyake vya mafuta vilikuwa vimeharibika, hivyo hesabu ikafanywa kwa mkono. Zilihitajika kilo 22,300. Waliopiga hesabu walitumia kizidisho cha ratili badala ya cha kilo, na ndege ikaondoka na mafuta yasiyofikia nusu ya yaliyotakiwa. Injini zote mbili zilizimika. Rubani Robert Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, aliishusha kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, na watu wote 69 wakatoka hai. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwanusuru, lakini ustadi wa rubani haukuufuta wajibu wa waliotangulia.

Kutegemea baada ya kufunga

Ndugu msomaji, sisi tunaamini kadari, kheri yake na shari yake. Hakuna nafsi inayokufa ila kwa idhini ya Mola wake. Lakini bedui alipomuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amwache ngamia wake bila kumfunga na kutawakali, aliagizwa amfunge kwanza kisha atawakali. Na wanazuoni wetu, kwa kutegemea hadithi ya mtu anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, wamesema kuwa mtu huyo ni mdhamini wa madhara aliyoyasababisha. Kadari haikumwondolea dhamana. Kwa kiasi hicho hicho haimwondolei dereva wa basi asiyekagua breki, wala fundi wa umeme anayeacha waya wazi nyumbani kwa watu, wala mzazi anayehifadhi petroli katika dumu karibu na jiko.

Basi tukiwa katika msiba, tuseme Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun, na tusubiri. Kisha tuulize kilichosababisha, na tukitengeneze. Kuuliza huko hakupingani na imani.

Na kwa wazazi tunasema: kijana wako akipenda hisabati na fizikia, usimwambie kuwa hiyo ni elimu ya dunia isiyo na thawabu. Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 32, inatufundisha kuwa anayeihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Huenda mwanao akatumia miaka 30 ndani ya karakana, asitajwe gazetini hata mara moja, na mahujaji wasiohesabika wakarudi salama kwa watoto wao kwa sababu ya bomba alilolikagua mara ya pili.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika amana zetu, zinazoonekana na zisizoonekana, awalinde wasafiri wetu, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.