Nakala Zilizosahaulika: Ulinzi wa Taarifa Binafsi katika Kompyuta ya Nyumbani Dhidi ya Wizi wa Utambulisho

Wizi wa utambulisho ni kitendo cha mtu kutumia taarifa za mwenzake ili aaminiwe kuwa yeye ndiye mwenye taarifa hizo. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kujifanya mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imewawekea wajibu wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Hata hivyo, katika kompyuta ya nyumbani mtunzaji wa taarifa ni mwenye taarifa mwenyewe, na tahadhari anayopewa mara nyingi huishia kwenye virusi. Makala hii inajenga hoja kwamba hatari iliyo kubwa zaidi imo katika nakala alizozihifadhi mwenyewe kisha akazisahau.

Namba ya Kitambulisho cha Taifa inadhihirisha jambo hili. Namba hiyo ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Hivyo basi, anayeiona namba amekwishapata pia jibu la swali ambalo wahudumu wengi huliuliza ili kumthibitisha mteja. Ni kweli kwamba laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, na kwa hiyo picha ya kitambulisho peke yake haitoshi kusajili laini. Lakini tapeli anayepiga simu akitaja majina matatu, tarehe ya kuzaliwa na shule aliyosoma mtu ana nafasi kubwa ya kuaminiwa. Taarifa zote hizo hukaa pamoja katika kompyuta ya mwombaji wa kazi au wa mkopo wa elimu ya juu: picha ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na wasifu. Nakala nyingine hubaki katika barua pepe zilizotumwa na katika flashi iliyopelekwa kwa mchapishaji.

Kufuta faili hakutatui tatizo kama inavyodhaniwa. Katika diski ya kuzunguka, mfumo huondoa kumbukumbu ya mahali faili lilipo, huku maudhui yakibaki mpaka yaandikiwe juu na data nyingine. Programu za kurejesha faili, ambazo ni za kawaida kwa mafundi, hutegemea hali hiyo hiyo. Kwa hiyo kompyuta inayouzwa, au inayoachwa kwa fundi, huenda ikaondoka na vyeti ambavyo mwenyewe anaamini alivifuta zamani.

Suluhisho la msingi ni kuisimba diski nzima kabla nyaraka hazijawekwa humo, ili asiye na ufunguo asiweze kuzisoma. Windows ya toleo la Pro ina BitLocker, na kompyuta za Apple zina FileVault. Usimbaji una gharama yake: ufunguo wa dharura ukipotea na nywila ikasahaulika, nyaraka zimepotea hata kwa mwenyewe. Ufunguo huo uandikwe kwenye karatasi na kutunzwa mbali na kompyuta, na nakala rudufu ya nyaraka isimbwe vilevile.

Usimbaji, hata hivyo, haulindi kompyuta ambayo imekwisha kufunguliwa. Zipo programu hasidi zinazokusanya nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari, na inayotakiwa zaidi ni ya barua pepe, kwa kuwa akaunti nyingine nyingi hubadilishiwa nywila kupitia humo. Akaunti hiyo inastahili nywila isiyotumika penginepo pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili. Wanafamilia wanaotumia kompyuta moja wawe na akaunti tofauti zisizo na mamlaka ya kusakinisha programu. Mchezo uliopakuliwa na mtoto usiweze kufikia nyaraka za mzazi. Masasisho nayo hayana mbadala, na Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Pale ambapo inashukiwa kwamba nakala zimekwisha kuvuja, mwenye kitambulisho anaweza kupiga *106# na kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yake. Laini asiyoitambua anapaswa kuiripoti kwa mtoa huduma husika ili ifungwe.