Kitambulisho cha Machinga na Hodi ya Mlangoni

Buzebazeba, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, biashara nyingi humfuata mnunuzi nyumbani. Mmoja ana vitenge begani, mwingine beseni la dagaa kichwani, wa tatu anakopesha vyombo na kurudi kila wiki kudai. Wote hupiga hodi. Nani amewaruhusu, na ruhusa hiyo inaishia wapi?

Tuanze na leseni. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni, na leseni hufungamana na mahali biashara inapofanyika. Mwenye duka hubandika yake ukutani. Anayetembea hana ukuta.

Pengo hilo lilizibwa kwa njia nyingine. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Aliyelipa hakutakiwa kusumbuliwa kwa ushuru mwingine. Ukigawanya milioni 4 kwa siku 365, unapata karibu shilingi 11,000 kwa siku. Hayo ni mauzo, faida bado. Muuza dagaa anaweza kubaki chini ya kiwango hicho. Muuza vitenge huenda akakivuka kwa mteja mmoja tu, ingawa faida anayorudi nayo nyumbani ni ndogo vilevile.

Jambo la pili ni uraia, na Kigoma halikwepeki, kwa kuwa Burundi iko jirani na Kongo iko ng'ambo ya ziwa. Amri ya Serikali ya Julai 2025 iliwakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa, ikiwemo ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa na vituo maalumu vya jumla. Kwa hiyo muuzaji anaweza kuulizwa kwanza yeye ni nani, kabla ya kuulizwa anauza nini.

Hadi hapa, kila kanuni imejibu swali la Serikali: nani anauza, na analipa nini. Swali la mwenye nyumba bado halijaguswa. Kitambulisho hakimpi mtu haki ya kuingia uani kwa mwenzake. Akiambiwa aondoke, sharti aondoke.

Mji wa Green River, Wyoming, Marekani, uliwahi kulitazama suala hili kutoka ndani ya nyumba. Mwaka 1931 ulipiga marufuku wauzaji kubisha hodi bila kualikwa, na sababu moja ilikuwa wafanyakazi wa reli wa zamu ya usiku waliolala mchana. Kigoma ina watu wa namna hiyo: wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zao, hulala jua likiwaka, na hupumzika usiku mwezi unapokuwa mpevu.

Hata hivyo, marufuku ya Wyoming ingeumiza hapa. Mama mwenye mtoto mchanga ananufaika dagaa wakimfikia mlangoni. Naona kinachofaa ni daftari katika ofisi ya mtaa: jina la muuzaji, namba ya kitambulisho, bidhaa anayouza, na kama anakopesha. Anayetiliwa shaka aulizwe kwa mwenyekiti. Uandikishaji huo uwe bure, kwani ukitozwa hata shilingi 1,000 kwa kila mtaa, anayepita mitaa kumi atakuwa ametoa 10,000, nusu ya bei ya kitambulisho alichokwisha kulipia.