MDOLI YUPI MZURI? Vidudu wa Marekani na mwezi wa watu weusi

Wiki hii tunapaa mpaka majuu, ila hatuendi disko wala hatuwafukuzii mastaa wa rap. Tunaingia darasani, tena darasa la vidudu, wale wa miaka mitatu, minne, mitano, ambao ukiwapa gundi nusu inakwenda kwenye karatasi na nusu kwenye nywele za jirani.

Kila Februari Wamarekani huadhimisha historia ya watu weusi, na kuta za chekechea nyingi hubadilika sura. Dada yangu anafundisha watoto wadogo huko Ohio, na picha anazonirushia kwenye simu ndizo zimenipa mzuka wa kuandika haya.

Ukutani kuna basi la karatasi, watoto wamelikata madirisha na kumbandika mama mmoja aliyekaa kimya. Huyo ni Rosa Parks, aliyekataa kumpisha Mzungu kiti mjini Montgomery tarehe 1 Desemba 1955. Weusi wa mji ule wakasusia mabasi kwa siku 381. Pembeni kuna maganda ya karanga yaliyobandikwa kwa gundi. Hayo ni ya George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo aliyezaliwa utumwani na kuja kuonyesha matumizi ya karanga zaidi ya 300. (Wengi humpa sifa ya kubuni siagi ya karanga. Si kweli, ilikuwepo kabla yake.)

Kuna pia taa za barabarani, nyekundu, njano na kijani, za kumkumbuka Garrett Morgan wa Cleveland, Ohio. Hapa walimu wengi huchapia kidogo. Ishara aliyoisajili Morgan mwaka 1923 haikuwa taa ya rangi tatu. Ilikuwa nguzo yenye mikono, na ujanja wake ulikuwa ni alama ya kusimamisha magari ya pande zote kwanza, ili watu wavuke salama. Ukimweleza hivyo mtoto wa miaka minne anakuelewa vizuri tu, wala huna haja ya kumzuga.

ALIYEANZISHA ALIWAHI KUCHIMBA MAKAA

Mwanzilishi ni Carter G. Woodson. Wazazi wake walikuwa watumwa, na ujanani alichimba makaa ya mawe huko West Virginia. Hakukata tamaa, mwaka 1912 akachukua udaktari wa falsafa Harvard. Mwaka 1926 akaanzisha wiki ya historia ya Weusi, akaichagua Februari kwa sababu ya siku za kuzaliwa za Abraham Lincoln na Frederick Douglass. Wiki hiyo ikakua, na mwaka 1976 Rais Gerald Ford akautambua mwezi mzima.

Najua kuna msomaji anauliza, watoto wa vidudu na siasa wapi na wapi? Si waachwe wacheze?

Ngoja nikupe kisa. Kenneth Clark na mkewe Mamie, wanasaikolojia weusi, waliwapa watoto weusi 253 wa miaka 3 hadi 7 midoli inayofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza: unataka kucheza na yupi? Yupi mzuri? Yupi anaonekana mbaya? Karibu theluthi mbili walitaka kucheza na mdoli mweupe. Wengi wakasema mweusi ndiye mbaya. Swali la mwisho lilikuwa: yupi anafanana na wewe? Hapo wengine waliangua kilio. Kazi ya Clark ilitajwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku kuwatenga watoto shuleni kwa rangi.

Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu ameshaanza kusoma somo hilo kabla hajashika penseli. Swali ni nani anamfundisha.

KRAYONI YA "WATU"

Dada yangu aliyaona hayo kwa macho yake. Aliwaambia watoto wajichore. Binti mmoja mweusi akajipaka rangi ya pichi mwili mzima. Alipoulizwa, akajibu kuwa hiyo ndiyo rangi ya watu.

Wala hakuota. Kampuni ya Crayola iliiita rangi hiyo "Flesh", yaani rangi ya nyama ya mwili, mpaka mwaka 1962 ilipoibadilisha jina kuwa "Peach". Seti ya krayoni za rangi mbalimbali za ngozi ilitoka mwaka 1992. Dada akaleta vioo vidogo na rangi za maji. Kila mtoto akajitazama, akachanganya kahawia, njano na nyekundu mpaka akaipata yake, kisha akapiga chapa ya kiganja. Yule binti alichanganya mara tano, hakuridhika haraka!

Na sisi Waswahili tumo. Mwaka 1971 Muriel Feelings alitoa kitabu cha watoto, Moja Means One, kinachowafundisha Wamarekani kuhesabu kwa Kiswahili, michoro ikiwa ya Tom Feelings. Mwaka 1972 kilipata heshima ya Caldecott, na mpaka leo kipo kwenye maktaba za kule. Siri kabisa, mimi nilivimba kichwa.

KASORO YAKE

Sasa tusipambe tu. Machi ikiingia, kuta nyingi zinabanduliwa. Basi, maganda na viganja vinakwenda kwenye pipa, mpaka Februari nyingine. Louise Derman-Sparks, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu malezi yasiyo na ubaguzi, aliufananisha mtindo huu na utalii: unawatembelea watu siku moja, unapiga picha, unarudi kwenye maisha yako.

Mimi naungana naye. Midoli ya kahawia ikae kwenye kapu mwaka mzima. Vioo visifichwe kabatini. Na hadithi ya Ruby Bridges, aliyeingia shule ya Wazungu New Orleans mwaka 1960 akiwa na miaka sita, akisindikizwa na maaskari wa serikali kuu, isomwe hata Agosti. Watoto wanamwelewa upesi, alikuwa saizi yao.

Nawe mwenye mdogo wako nyumbani, au mtoto wa dada, chungulia leo kwenye kapu lake la midoli. Hesabu wangapi wanafanana naye. Kisha muulize yupi mzuri, na usimwekee maneno mdomoni. Tukijaaliwa, wiki ijayo.